Kipimo cha Saa Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi nateremka chini ya daraja,
suruali nimeikunja, daftari nimelibana kwapani,
kusoma rula ya chuma iliyosimikwa ndani ya Nyamwamba:
nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe,
halafu ile alama nyekundu
ambayo mto haukuijali usiku ule.

Sabini na mbili, naandika. Maji ya kahawia kidogo.
Napanda ukingoni panapopatikana mtandao,
nampigia Kabugho wa ofisini.
"Sabini na mbili."
"Sabini na mbili," anarudia, na kalamu yake naisikia.
Basi. Miaka sita, kila siku, maneno hayo tu.
Ithungu, mke wangu, husema mto huu una bahati:
kuna mtu anaamka kwa ajili yake.

Watu wa mbali hudhani mafuriko huja na mvua.
Usiku ule Kasese kulikuwa kukavu,
nyota tele, mihogo imeanikwa juu ya mabati.
Mvua ilikuwa Rwenzori, nyuma ya mawingu,
mahali ambapo hakuna wa kuisikia.
Sisi tulisikia mawe,
mawe yakigongana gizani
kama lori linalomwaga kokoto na halimalizi.
Kulipokucha, nyumba ya kaka yangu Mbusa ilikuwa mlango tu.
Mlango umesimama, na kufuli lake.

Sikulia. Kazi ilikuwapo.
Nilibeba mabati, nikazika, nikachangisha, nikapima.
Watu waliponiamkia, *wabukire*, umeamka?
nilijibu *ee*, nimeamka,
na kweli nilikuwa macho, tangu saa nane za usiku,
nikihesabu misumari ya paa.
Chai ilipoa mbele yangu.
Mtoto akidondosha sufuria, mkono ulinyanyuka
kabla sijatambua kuwa ni wangu.
Usoni mwangu, lakini, kulikuwa kukavu,
nyota tele.

Kisha Jumatatu moja Kabugho hakukata simu.
"Sabini na moja," nilisema.
"Sabini na moja. Na wewe je?"
"Mimi nini?"
"Wewe. Leo uko ngapi?"
Nilicheka. Nikasema mzima. Nikakata.
Nikabaki pale, viatu mkononi,
hadi wachimba mchanga wakaanza kunitazama.

Jumanne akauliza tena. Jumatano tena,
bila sauti ya huruma,
kama mtu anayejaza safu iliyoachwa tupu,
na labda ndiyo maana, Alhamisi, nikamwambia:
"Mto, sitini na tisa.
Mimi nimepita nyekundu. Siku nyingi nimeipita."

Kalamu haikusikika.
"Kesho nenda hospitali," akasema,
"mlango unaofuata chumba cha chanjo.
Kuna nesi anaitwa Biira. Si mwenye hotuba.
Atakuuliza unalala kiasi gani.
Mpe namba ya kweli."

Nimekwenda mara nne.
Sisemi nimepona; mto haupungui kwa kupimwa.
Wiki iliyopita nilivunja kikombe ukutani,
Ithungu akaokota vigae bila kuniangalia.
Lakini jana, jua bado lipo, nilihisi mlimani kunanyesha,
nikamwambia, "Kaa nami. Usiku huu si mzuri."
Akaleta kigoda na ungo wa maharage.
Tulichambua hadi tukamaliza,
tukaanza kuchambua yaliyokwisha chambuliwa.

Daftari nimelipiga mstari katikati.
Kushoto mto. Kulia mimi.
Leo, kushoto: sabini na nne, maji mazito.
Kulia: nimelala masaa matatu, nimeota mlango,
nimekunywa chai ikiwa moto.
Nampigia Kabugho, namsomea pande zote mbili.
Anarudia zote mbili.
Halafu, kabla hajakata, namuuliza:
"Na wewe je? Leo uko ngapi?"

Kimya.
Kisha naisikia kalamu ikiwekwa mezani.